Nani Anakusubiri Jumatatu?

Uliye ndani ya daladala, na redio kaichagua dereva, naomba univumilie. Mazungumzo yangu si marefu kuliko foleni hiyo.

Siku hizi huwezi kukaa na vijana robo saa bila kusikia habari za uhuru wa kifedha. Ziko vijiweni, ziko kwenye magrupu ya WhatsApp, ziko kwenye semina za kiingilio ambako mara nyingi anayetoka na pesa ni mtoa mada peke yake. Kijana wa miaka 26, kodi ya chumba anailipa kwa mbinde, anakueleza kwamba akifika 40 ataacha kazi. Atakaa tu, pesa zimfanyie kazi yeye. Ukimuuliza atakaa wapi, akifanya nini, anacheka. Anaona umeuliza swali la kizee.

Mimi leo nataka kulikalia kitako swali hilo la kizee.

Kwanza tumtendee haki kijana wetu. Hesabu anazozitaja si za kubuni. Zilianzia Marekani. Mwaka 1992 Vicki Robin na Joe Dominguez walitoa kitabu kilichowafundisha watu kupima kila wanachonunua kwa saa za uhai walizozitoa ili kukipata. Miaka miwili baadaye mshauri mmoja wa fedha, William Bengen, akakaa na takwimu za hisa na hatifungani za huko kwao, akaona kwamba mstaafu akichukua asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kidogo kufuata kupanda kwa bei, akiba hiyo ingemfikisha miaka 30 bila kukauka. Ukiipindua hesabu hiyo unapata kanuni inayorushwa leo mitandaoni: tafuta mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Nyumba inayotumia shilingi milioni moja kwa mwezi hutumia milioni 12 kwa mwaka. Zidisha mara 25, unafika milioni 300.

Hesabu hiyo, kumbuka, ilipigwa kwa masoko ya Marekani na kwa mzee wa kuishi miaka 30 baada ya kustaafu. Haikupigwa kwa shilingi yetu, wala kwa mtu anayetaka kukaa bure tangu miaka 40 mpaka Mungu amchukue. Lakini hilo tuwaachie wataalamu wa fedha, wana kipindi chao Alhamisi.

Wala sitaki aje mtu hapa aniambie pesa si kitu. Anayesema pesa si kitu mwangalie vizuri, aghalabu anazo. Mwenye akiba anaweza kukataa kutia saini risiti ya uongo. Anaweza kukaa wiki nzima kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa bila kuomba ruhusa kwa mtu. Anaweza kumwambia bosi mwenye mdomo mchafu, asante, nimetosheka. Huo ni uhuru hasa, na atakayeupata ashukuru.

Ninachouliza mimi kinaanza pale milioni 300 zilipokwisha kutimia. Ni Jumapili usiku. Kesho Jumatatu hakuna anayekudai ripoti, hakuna wa kukununia ukichelewa. Utaamka saa ngapi? Na utaamka kwa ajili ya nani?

Watu waliwahi kuulizwa jambo hili waziwazi. Mwaka 1955 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Morse na Robert Weiss, walichapisha majibu ya wanaume 401 waliokuwa kazini. Swali lilikuwa jepesi: ukirithi fedha za kukuwezesha kuishi vizuri bila kazi, je, utaendelea kufanya kazi? Wanane katika kila kumi walisema wangeendelea. Tena si kwamba wote walikuwa wakiipenda kazi waliyokuwa nayo. Wengi, hasa wa viwandani, walisema wangetafuta nyingine. Walichokiogopa ni kukaa bila shughuli.

Najua utanijibu kwamba pesa ya kufikirika haina mfuko, kila mtu ni shujaa mbele ya dodoso. Haya. Basi tuondoke Marekani twende Tanga.

Pale Ngamiani kuna mama mmoja mkaanga vitumbua, jina nitamhifadhia. Amekaanga tangu wanawe wakiwa wadogo, na wote watatu wamesoma kwa vitumbua hivyo. Mchele analoweka jioni. Alfajiri kabla ya adhana anausaga, anachanganya na tui zito, sukari, hiliki na hamira, anaufunika ufure. Kisha anabandika chuma chake cha mashimo saba juu ya jiko la mkaa, anatia tone la mafuta katika kila shimo, anamimina kwa upawa, na kwa kijiti chembamba anageuza kitumbua kabla upande wa chini haujaungua. Ukimtazama mkono hutaona akiharakisha, ila sahani inajaa. Saa kumi na mbili na nusu baraza yake imezungukwa: wanafunzi, makuli wa bandarini, mlinzi anayetoka zamu, na bibi wa nyumba ya tatu asiyekula cha jana.

Mwanawe wa kiume akapata kazi Muscat. Alhamdulillahi, kijana si msahaulifu, pesa zikawa zinakuja kila mwezi bila kukumbushwa. Mwaka wa pili akapiga simu: “Mama, sasa basi. Moshi umekutosha. Kaa kitako ule raha.” Maneno mazuri, na aliyasema kwa mapenzi. Lakini nyuma yake palikuwa na jingine ambalo kila mtu wa mwambao ataling’amua: watu watasemaje, mtoto yuko Uarabuni na mama anachomwa na mafuta barazani?

Mama akatii. Chuma kikaingia uvunguni. Pakaja televisheni na king’amuzi, pakaja godoro jipya na binti wa kusaidia kazi. Kwa hesabu ile ya mara 25, huyu mama alishafika, kwani matumizi yake madogo yalikuwa na mlipaji wa kudumu.

Lakini alfajiri alikuwa akiamka saa ileile. Mwili haukupewa taarifa. Anaswali, anavuta uradi, kisha anakaa kwenye kiti kilekile barazani, mikono mapajani, anatazama watu wakipita. Wanamwamkia kwa heshima: shikamoo mama, marahaba, na wanaendelea na safari kwa sababu hawana shida naye. Kinachonikaa moyoni ni swali alilomuuliza jirani yake: “Yule mtoto mwembamba aliyekuwa akila viwili na kukopa cha tatu, siku hizi anakula wapi?” Alikuwa akilijua tumbo la kila mtoto wa mtaa ule. Mtoto akija bila pesa siku tatu mfululizo, yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba baba hajaenda baharini. Bibi wa nyumba ya tatu asipoonekana, yeye ndiye anayetuma mtu akabishe hodi. Alikuwa na daftari la madeni, na ukilisoma vizuri lilikuwa daftari la afya ya mtaa mzima. Hayo yote yaliingia uvunguni pamoja na chuma.

Alianza tena kwa kificho. Kwanza vya madrasa, siku ya maulidi. Kisha vya Ijumaa. Kisha mtu mwenye simu akapiga picha, na picha ikafika Muscat. Kijana akapiga simu amefura. Mama akamsikiliza mpaka akamaliza, ndipo akamwambia: “Pesa yako naipokea mwanangu, na dua nakuombea usiku na mchana. Lakini hayo mapumziko umeninunulia, mimi sikuyaagiza.”

Kijana akatuma pesa za jiko la gesi ili angalau moshi upungue. Gesi ipo, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Vitumbua bado vya mkaa. Mama anasema gesi inababua katikati, na katika mambo hayo mimi sina elimu ya kumbishia.

Faida ya vitumbua vile, ukitoa mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa, ni ndogo kiasi kwamba mwanawe angeweza kuilipa mara kumi na asione pengo. Kwa hiyo tukisema mama anafuata pesa, tunamsingizia. Anachofuata ni kusubiriwa. Kuna watu asubuhi wanamtegemea atoke, na asipotoka siku yao inaingia kasoro. Nimejaribu kulizunguka jambo hili kwa njia nyingi, na kila mara narudi hapo. Kazi, ukiondoa mshahara, kilichobaki kikubwa ni kwamba yupo mtu mahali fulani anayekingoja ulichonacho mikononi.

Sasa nitoke Tanga niende Austria, na safari hii ina sababu. Karibu na Vienna kulikuwa na kijiji cha Marienthal, kijiji kizima kikiishi kwa kiwanda cha nguo. Msukosuko wa uchumi wa dunia ulipoanza, kiwanda kikafungwa, na karibu kila nyumba ikabaki bila kazi. Mwishoni mwa 1931 wakaja watafiti, Marie Jahoda na wenzake Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, wakakaa na watu wale, na mwaka 1933 wakatoa kitabu ambacho mpaka leo kinasomwa vyuoni.

Hawa, tofauti na mama yetu, walikuwa na njaa, na njaa hiyo nisiifunike. Lakini waliloliona watafiti halikutokana na njaa peke yake. Watu waliokuwa wakilalamika zamani kwamba hawana muda sasa walikuwa na muda wote wa dunia. Ungedhani watasoma. Maktaba ya kijiji iliondoa hata ada ya kuazima vitabu, na vitabu vilivyoazimwa vikapungua karibu nusu. Vyama vya kijiji vikapoteza wanachama. Watafiti walijificha dirishani wakiwa na saa, wakapima mwendo wa watu barabara kuu: wanaume walikuwa wakijikokota, wanasimama, wanatazama, wanaanza tena. Wengi walikuwa wameshaacha hata kuvaa saa. Walipoombwa waandike siku yao ilivyopita, mtu alikumbuka kuamka, kula mchana na kulala. Hayo mengine ya katikati hakuweza kuyasimulia, ingawa alikuwapo.

Jahoda aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alilifanyia kazi jambo hili tena na tena. Alikuja kusema kwamba ajira, hata ya hovyo, humpa mtu vitu visivyoandikwa kwenye mkataba: humgawia siku yake vipande vipande, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, humwingiza kwenye lengo lililo kubwa kumzidi, humpa jina mbele za watu, na humlazimisha kujishughulisha hata siku asiyotaka. Ukiwa unavipata vyote hivyo bila kuviomba, huvioni. Siku vinapoondoka, unadhani unaumwa.

Kuna jambo moja ndani ya utafiti ule ambalo wanaume huwa wanalipita haraka. Wanawake wa Marienthal, waliofukuzwa kiwanda kilekile, walitembea upesi kuliko waume zao. Walikuwa na mtoto wa kuogeshwa, soksi za kushonwa, chungu cha kutafutiwa cha kutia. Hawakuwa na mshahara, ila kazi walikuwa nazo tele. Nenda leo kwenye nyumba yoyote ya mstaafu Dodoma au Mombasa utaona hayohayo. Mzee amestaafu, anazunguka ua akirekebisha kitasa ambacho hakijaharibika. Bibi hajastaafu, wala hakuna aliyemtajia habari hizo. Ana wajukuu wanne, wawili si hata wa kwake.

Na hapa nijitahadharishe nisije nikaitukuza hali ambayo mwenyewe haitaki. Kusubiriwa nako kuna kiasi. Bibi anayeachiwa wajukuu wanne bila kuulizwa anahitajika kupita uwezo wa magoti yake, na ukimwambia maisha yake yana maana atakukodolea macho tu. Halafu ziko kazi ambazo hakuna utamu wa kuzisingizia. Wako akina mama waliopasua mawe ya kokoto kwa nyundo Kunduchi, mtoto mgongoni, vumbi kifuani. Mpe huyo pesa za kuishi leo, nyundo ataitupa na hatageuka nyuma, na atakuwa amefanya vyema. Simtetei kila mwenye jasho. Ninachosema ni kwamba akishaitupa nyundo na kupumzika mwezi, miezi miwili, naye ataanza kutafuta mahali pa kuhitajika, na ni haki yake apapate palipo pazuri zaidi.

Tuna mfano mmoja mkubwa hapa nyumbani, na nashangaa tunavyoutumia kwa siasa tu. Novemba 1985 Mwalimu Nyerere alikabidhi urais akiwa na umri wa miaka 63. Hakuondoka tajiri, lakini chakula na malazi havikuwa tatizo, serikali ilimtunza kama sheria inavyotaka. Angeweza kukaa Butiama akacheza bao, mchezo alioupenda, na hakuna ambaye angemlaumu. Bao alicheza. Shamba alilima. Uenyekiti wa chama aliendelea nao mpaka 1990, na katika miaka hiyohiyo aliongoza Tume ya Kusini. Lakini kazi yake ninayoipenda mimi ni nyingine kabisa, ambayo wengi hawaijui: alikaa akazitia Injili zote nne, pamoja na Matendo ya Mitume, katika utenzi wa Kiswahili. Zilichapishwa 1996 na watawa wa Ndanda na Peramiho.

Mwenye kujua utenzi anajua shughuli yake. Mishororo minne, kila mmoja mizani minane, mitatu ya kwanza ina kina chake, na wa nne unabeba kina kinachofunga ubeti baada ya ubeti tangu mwanzo hadi tamati. Huwezi kumwambia katibu muhtasi akufanyie. Mtu anakaa na ubeti mmoja, mizani imezidi mmoja, anaondoa neno, maana inachechemea, anarudisha, anaanza upya. Alikuwa amekwisha kuizoea kazi hiyo. Akiwa Ikulu, na nchi changa mabegani, alikuwa amemfasiri Shakespeare mara mbili, na kwenye Mabepari wa Venisi na Juliasi Kaizari hakuna aliyekuwa amemtuma. Sasa hapo jiulize: mtu aliyekwisha kuwa rais, jina lake liko barabarani na shuleni, anatafuta nini katika mizani minane? Cheo hakimo, na pesa ya ushairi wa Kiswahili sote tunaijua. Bila shaka alifurahia ufundi wenyewe. Ila nadhani pia alimwona msomaji: mzee wa kanisani, kijijini, anayeweza kushika ubeti akaughani asipoweza kushika aya nzima ya maandiko. Mtu huyo alikuwa akingojwa na Mwalimu, na Mwalimu akingojwa na yeye, na hawakuwahi kuonana.

Miaka ya mwisho akawa msuluhishi wa Burundi, vikao vya Mwanza kisha vya Arusha, afya ikimsaliti. Alifariki Oktoba 1999, mapatano hayajafikiwa, Mandela akapokea pale alipoachia, na yakatiwa saini Agosti 2000. Najua tuna mengi ya kumkosoa Mwalimu katika uchumi, na siyafuti. Lakini kwa jinsi ya kustaafu, sijaona wa kumfikia.

Sasa nataka kuongea na waajiri, na kidogo nitakuwa mkali.

Mwaka 2001 wasomi wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika habari za wafagizi wa hospitali. Walikuta watu wenye kazi moja, sare moja, mshahara mmoja, lakini wanaofanya vitu viwili tofauti. Wapo waliofagia, basi. Na wapo waliojihesabu miongoni mwa wanaoponya. Wanazungumza na mgonjwa asiye na mgeni, wanamwelekeza ndugu aliyepotea kwenye korido, na yupo aliyezoea kubadilisha picha za ukutani katika wodi ya watu waliopoteza fahamu, huenda mabadiliko hayo yakamfikia mgonjwa kwa njia asiyoijua mtu. Hakuna bosi aliyewaagiza. Ni jambo la kupendeza sana, na ninaogopa kulisema redioni kwa sababu namjua nani atalidaka.

Atalidaka mwenye shule ambaye hajalipa walimu miezi miwili. Mwalimu akiuliza, anaambiwa ualimu ni wito. Nesi akidai posho ya zamu ya usiku, anaambiwa malipo yake yako mbinguni. Angalieni wito huu unavyotembea: unakwenda kwa walimu, manesi na wasaidizi wa nyumbani, lakini haujawahi kumfikia mkurugenzi wa fedha. Mtu akiipata maana katika kazi yake, hiyo ni mali yake mwenyewe, kaichuma yeye. Mwajiri hana haki ya kuikata kwenye mshahara. Na mtu mwenye deni la ada na mwenye nyumba anayemgongea mlango hawezi kumtazama mgonjwa machoni kwa utulivu. Lipa kwanza, ndugu yangu. Maana watajitafutia wenyewe, hawahitaji semina yako.

Nirudi kwa wastaafu, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakoelekea, tuwe na milioni 300 au tusiwe nazo. Serikalini ni miaka 60 kwa lazima, 55 kwa hiari, ukiacha kada chache kama maprofesa na madaktari bingwa. Miaka yote hii mjadala wetu umekuwa wa kikokotoo cha pensheni, na ulikuwa mjadala halali: mkupuo wa asilimia 33 ukapandishwa hadi 40 baada ya kelele, na waliopiga kelele hawakukosea. Kwenye semina za wastaafu watarajiwa utafundishwa ufugaji wa kuku, utaonywa juu ya matapeli wanaonusa kiinua mgongo kabla hakijaingia benki, utaambiwa usijenge gesti kijijini kwenu ambako hakuna mgeni. Yote ni ya maana. Sijasikia bado mtu akiulizwa: ukitoka hapa, nani atakuwa anakusubiri, siku gani, saa ngapi? Tunamkabidhi cheti, saa ya ukutani na soda, tunamwacha getini.

Wakulima na wavuvi wana bahati moja ambayo sisi wa maofisini hatuna. Hakuna barua inayowakata ghafla. Mzee akishindwa kwenda bahari kuu, atashona nyavu. Akishindwa kushona nyavu, atamkosoa anayezishona. Anaondoka kazini polepole, na kila hatua ana la kufanya. Sisi Ijumaa ni mkuu wa idara, Jumatatu ni “yule mzee mwenye fulana ya bluu.”

Mtaani kwetu kuna mwalimu wa hisabati aliyestaafu. Kiinua mgongo alikitumia kwa akili, ana vyumba vinne vya kupangisha, watoto wamejitegemea, hana deni la mtu. Anashinda chini ya mwembe na gazeti la jana. Ng’ambo ya barabara kuna sekondari ya kata ambayo hisabati anafundisha mwalimu mmoja, vidato vyote, na matokeo ya somo hilo mnayajua nyote, si ya shule ile peke yake. Mwembe na darasa vinatazamana. Nilimuuliza mzee kwa nini havuki barabara. Akakunja gazeti lake taratibu: “Niende kama nani?”

Jibu hilo lilininyamazisha. Miaka 35 alikwenda kama mwalimu, leo hana jina la kuvukia nalo barabara. Nikaenda kwa mkuu wa shule, mwanamke mchapakazi, naye akasema angempigia magoti mzee yule, ila anaona haya kumwita mtu mzima wa hadhi ile bila kuwa na cha kumpa. Basi wakakaa hivyo, huyu anaona haya kuitwa, yule anaona haya kuita, na watoto katikati wanagawanya desimali kwa kubahatisha.

Mkuu wa shule, nimeruhusiwa kusema hili, na naamini redio ya ofisini kwako iko wazi. Mzee anapatikana Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne. Posho hataki. Anataka barua yenye mhuri, imtaje kwa cheo chochote utakachoona kinafaa, na boksi la chaki zisizokatika.